Mikisa Inanguruma Haizunguki: Majibu Kuhusu Kebo za Saiti

Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa wajenzi na wasimamizi wa saiti. Zinauliza mambo tofauti, lakini chanzo cha matatizo karibu yote ni kimoja: kebo ilichaguliwa kwa kuangalia ukubwa wa mashine, umbali ukasahaulika.

Habari za kazi, ndugu zangu. Najenga ghorofa moja Chanika. Mita ya TANESCO iko chumba cha mlinzi getini, umeme ni wa njia moja (singo fezi). Kutoka hapo hadi mikisa ya zege ni mita 85, nimepima kwa futi kamba. Fundi alivuta kebo bapa ya 2.5, ile ya kufanyia waya nyumba. Mikisa ni ya kilowati 1.5. Ikiwa tupu inazunguka, lakini ikizimwa na zege ndani haiwaki tena, inanguruma tu mpaka vibarua waimwage kwa mikono. Kapasita mbili zimeshaungua. Fundi anasema ninunue stabilaiza. Nina pia grenda kubwa ya kilowati 2.2 na pampu ya maji ya kilowati 0.75. Nifanyeje?

Stabilaiza usinunue, ndugu yetu. Ukiifunga upande wa mikisa, itapandisha volti kwa kuvuta ampea nyingi zaidi kupitia kebo ileile nyembamba, na kebo itapoteza volti nyingi kuliko mwanzo. Fedha hiyo iweke kwenye shaba.

Kwanza hakikisha ugonjwa uko wapi. Mtu mmoja ashike kipima volti getini, mwingine awe na chake kwenye mikisa, kisha mashine iwashwe. Getini ikibaki karibu 230 na kwenye mikisa ikaporomoka, kosa ni la kebo yako. Ikiporomoka hata getini, laini inayokuleteeni umeme ndiyo dhaifu. Hapo peleka taarifa TANESCO kabla ya kununua chochote, kwa sababu hakuna kebo nene utakayoivuta ndani ya uwanja itakayorudisha volti zilizopotelea barabarani.

Kwa maelezo yako tunaamini ni kebo. Hesabu yake ni hii. Kila ukubwa wa kebo, yaani milimita za mraba (mm²) za waya wake, una namba inayoonyesha inapoteza milivolti ngapi kwa kila ampea, kwa kila mita ya urefu. Njia ya kwenda na ya kurudi zimeshajumlishwa humo. Kwa kebo ya shaba yenye gamba la PVC kwenye umeme wa njia moja, namba ni hizi: 1.5 inapoteza 29, 2.5 inapoteza 18, 4 inapoteza 11, 6 inapoteza 7.3, 10 inapoteza 4.4, na 16 inapoteza 2.8. Zidisha namba hiyo kwa ampea, kisha kwa mita, halafu gawa kwa 1000 upate volti. Kwa mashine, volti zinazopotea toka mita ya umeme hadi mashine yenyewe zisizidi asilimia 5, yaani 11.5 kwenye 230. Kwa taa zisizidi asilimia 3, yaani 6.9.

Mikisa yako ikizunguka inavuta kama ampea 10. Kwa kebo ya 2.5: 18 × 10 × 85 ÷ 1000 = volti 15.3. Tayari umepita mpaka, na hapo grenda haijaguswa. Shida kubwa zaidi iko kwenye kuwasha. Mota ya namna hii inapoanza kuzunguka huvuta mara tano hivi ya ampea zake za kawaida. Ukiingiza ukinzani wa kebo yako kwenye hesabu, mota inabakiwa na kitu kati ya volti 170 na 185 wakati wa kuanza. Nguvu ya mota ya kusukuma hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo imebaki asilimia 55 hadi 65 tu ya nguvu yake. Kuzungusha pipa tupu inaweza. Pipa lenye zege limeishinda.

Kapasita nazo zimeungua kwa sababu hiyohiyo. Kapasita ya kuanzishia imetengenezwa ifanye kazi sekunde chache tu, kisha swichi iliyomo ndani ya mota huitoa mota ikishafika takriban robo tatu ya mwendo wake. Mota isipofika mwendo huo, swichi haifunguki, na kapasita inabaki kwenye mkondo mkubwa hadi ipasuke. Ukiweka ya tatu nayo itakwenda hivyohivyo.

Sasa chagua kebo kwa mzigo wote. Mikisa ampea 10, grenda 10, pampu 5.5, tufanye 25 kwa kuwa vyote vitatu hutokea vikafanya kazi pamoja. Kebo ya 6: 7.3 × 25 × 85 ÷ 1000 = volti 15.5. Imekataa. Kebo ya 10: 4.4 × 25 × 85 ÷ 1000 = volti 9.35. Imekubali. Angalia jambo hili kwa makini, maana ndipo mafundi wengi wanapojikwaa: kebo ya amadi (iliyozungushiwa nyaya za chuma za kuikinga) ya 6 yenye nyaya mbili, ikibanwa ukutani, inabeba ampea 49, na hata kwenye joto la nyuzi 40 bado inabeba 42. Isingepata moto hata kidogo kwa ampea zako 25. Fundi angeishika kwa mkono, aione baridi, aseme kebo ni nzima. Kutopata moto ni jambo moja na kufikisha volti ni jambo jingine. Saiti ikishavuka mita 40 au 50, kinachoamua ni volti.

Nunua basi kebo ya amadi ya 10 mm², nyaya tatu: laini, nyutro na ethi. Ukishaongeza ya kupanda, kushuka na kuingia kwenye maboksi, mita 85 zitakuwa kama 92. Getini weka breka ya ampea 32 aina ya C. Mwisho wa kebo simamisha boksi la kugawia lenye breka ndogo, soketi za viwandani za rangi ya buluu, na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja kwenda ethi) ya miliampea 30. Mita hizo 92 zitakula volti 10.1, kwa hiyo kutoka boksi hilo umebakiwa na volti 1.4 tu za kupoteza, na kamba ya rabari ya 2.5 kwenda kwenye mikisa isizidi mita 7. Kwa hiyo boksi lisimame pale zege linapochanganywa, lisiachwe nusu ya njia.

Ile kebo bapa iondoe kabisa. Imetengenezwa ikae ndani ya ukuta. Juani gamba lake hukakamaa na kupasuka, toroli zikipita juu yake hukatika, na waya wake mmoja mgumu ukikunjwa mara kwa mara huvunjika ndani bila wewe kuona.

Saiti yetu Mwanza ina umeme wa njia tatu. Tuna winchi ya kilowati 7.5, mikisa ya kilowati 4 na mashine ya kukata nondo ya kilowati 3. Umbali ni mita 120. Fundi mmoja anataka kebo ya alumini iliyosokotwa, ya kuning'iniza kwenye nguzo, kwa sababu ni nafuu. Mwingine anasema shaba ya 10 inatosha. Nani yuko sahihi?

Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Winchi huvuta kama ampea 15 kwa kila njia, mikisa 8.5, mashine ya nondo 6.5; jumla 30. Kwa umeme wa njia tatu wa volti 400, shaba ya 6 inapoteza 6.4, ya 10 inapoteza 3.8, ya 16 inapoteza 2.4. Kwa shaba ya 10 utapoteza 3.8 × 30 × 120 ÷ 1000, yaani volti 13.7. Mpaka ni 20. Aliyesema 10 inatosha amepiga hesabu vizuri kwa mashine zinazozunguka.

Lakini winchi huanza na mzigo ukining'inia. Ikiwashwa moja kwa moja bila kianzishi cha nyota na delta, huvuta mara sita, yaani ampea 90, juu ya zile 15 za mashine nyingine. Kwa shaba ya 10 unaweza kupoteza hadi volti 48, asilimia 12 ya umeme wako. Kwa ya 16 ni 30, asilimia 7.5. Breki ya winchi nyingi hufunguliwa na sumaku ya umeme, na sumaku hiyo ikikosa volti huachia nusunusu. Breki husugua, hupata moto, huisha kabla ya wakati. Kontakta (swichi za sumaku zinazowasha mota) nazo huanza kugongagonga. Sisi tungevuta 16.

Alumini inapitisha umeme kwa shida zaidi ya shaba, ukinzani wake ni kama mara 1.6. Kwa hiyo mahali pa shaba ya 16 weka alumini ya 25, na hesabu zitalingana. Kebo iliyosokotwa inafaa kweli ikiwa imening'inizwa kwenye nguzo kwa vishikizo vyake, na ikiwa haipiti mahali tipa linapoinua bodi kumwaga mchanga au kokoto. Kuilaza chini na kuiburuta hapana. Pale inapoungana na shaba usisokote nyaya mbili pamoja. Unyevu ukiingia kati ya alumini na shaba, alumini huliwa, kiungo hulegea, kisha huungua. Tumia viungio vilivyotengenezwa kwa ajili ya metali hizo mbili, sugua alumini kwa brashi ya chuma, paka grisi ya viungio papo hapo, ubane kwa mashine ya kubania.

Kuna jambo hamkuuliza, nalo ni la hatari. Mkihamisha plagi ya winchi kutoka soketi moja kwenda nyingine, pangilio la njia tatu linaweza kuwa tofauti. Winchi itageuka: kitufe cha kupandisha kitashusha, na swichi ya juu inayotakiwa kuzuia mzigo usigonge kapi haitazuia kitu, kwa sababu inakata mwelekeo usio wake. Baada ya kila kuhamisha, jaribuni winchi tupu, mbonyeze kupandisha na muangalie inakwenda wapi kabla ya kufunga ndoo ya zege.

Mimi ni dada msimamizi wa saiti. Ekstensheni yetu ya ngoma, mita 50, imeyeyuka ndani. Ilikuwa inaendesha mashine ya kuchomelea, na tulikuwa tumefungua kama mita 10 tu kwa sababu kazi ilikuwa karibu. Wanasema umeme ukizunguka kwenye ngoma unatengeneza sumaku. Ni kweli?

Hapana, dada. Ndani ya kamba hiyo laini na nyutro zinapita sambamba, mkondo mmoja unakwenda na mwingine unarudi, na sumaku zao zinafutana. Kilichoyeyusha ngoma ni joto lililokosa pa kutokea.

Kamba nyingi za ngoma ni 1.5 mm². Kwa mita 50, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa kama omu 1.45. Ikipitisha ampea 13 inatoa joto la wati 245. Ikipitisha 20 inatoa wati 580. Ukiinyoosha yote chini, joto hilo linatawanyika kwenye mita 50 za hewa na hutalisikia. Ukiacha mita 40 zimejikunja, sehemu kubwa ya joto hilo imefungiwa ndani ya ngoma ndogo, tabaka juu ya tabaka, na ya katikati ndiyo huyeyuka kwanza. Ndiyo maana kwenye ubavu wa ngoma zilizotengenezwa vizuri huandikwa viwango viwili, kimoja ikiwa imefunguliwa yote na kingine kidogo sana ikiwa imekunjwa. Hata kazi ikiwa hatua tano, fungua yote.

Na kwa mashine ya kuchomelea, hata ukifungua yote ngoma hiyo haifai. Inveta ya ampea 200 ikiwekwa mwisho inavuta kama ampea 30 kutoka kwenye laini ya njia moja. Inahitaji soketi ya viwandani ya ampea 32 na kamba ya rabari ya 6 mm². Plagi ya ampea 13 iliyobadilishiwa fyuzi na kutiwa kipande cha waya itaungua kwenye miguu yake, kisha soketi itafuata.

Shikamooni. Mimi ni kijana najifunza umeme hapa Mbeya. Kwenye saiti kuna kebo ya 4 mm², mita 100, njia moja. Breka ya 32 ilikuwa inakata, bosi akaweka ya 63 na sasa haikati. Mimi naona ni makosa, lakini kazi inakwenda. Nimwambieje?

Marahaba, kijana wetu. Uko sahihi, na mwambie kwa namba, kwa heshima, mbele ya kebo yenyewe.

Breka hailindi mashine. Inalinda kebo. Mpangilio haubadiliki: ampea za mzigo ziwe chini ya breka, na breka iwe chini ya uwezo wa kebo. Kebo ya amadi ya 4 yenye nyaya mbili, ikibanwa ukutani, inabeba ampea 38 kwenye joto la nyuzi 30, na juani penye nyuzi 40 inabeba 33. Breka ya 32 ndiyo ya mwisho kwa kebo hiyo. Ikiruhusiwa kubeba 60, joto linaongezeka kwa mraba wa ampea, yaani zaidi ya mara tatu ya linalostahimilika. Gamba litalainika polepole kwa wiki kadhaa, na siku litakapoachia hakuna atakayekumbuka siku breka ilipobadilishwa.

Kuna la pili, na hata mafundi wakubwa hulisahau. Chukua kebo hiyo, mita 100, ina ukinzani wa kama omu 1.1 kwenda na kurudi. Tuseme laini inayoileta ina omu 0.5. Laini ikigusana na nyutro mwisho wa kebo, mkondo utakaopita ni 230 ÷ 1.6, yaani ampea 144 tu. Breka ya 32 aina ya C ina uhakika wa kukata papo hapo ikifikiwa na ampea 320. Kwa 144 itasubiri joto lake la ndani, sekunde kadhaa. Ile ya 63 itaiona 144 kama mzigo mzito wa kawaida, na inaweza kukaa dakika nzima au zaidi huku nyaya zikiwaka. Kebo ndefu na nyembamba huficha hitilafu yake yenyewe. RCD haitasaidia hapo, maana yenyewe inaona umeme unaovuja kwenda ethi. Laini na nyutro zikigusana, kinachotoka na kinachorudi ni sawa, nayo inakaa kimya.

Kisha mtafute kwa nini 32 ilikuwa inakata. Kama ilikata palepale mashine inapowashwa, huenda ilikuwa aina ya B, inayokata palepale kwa mara 3 hadi 5 ya ampea zake. Aina ya C inavumilia mara 5 hadi 10. Kama ilikata baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi. Pima kwa kilampu ya ampea (kipimo kinachobana waya kwa nje). Kumbuka pia kwamba mota iliyokosa volti huvuta ampea zaidi ili ifanye kazi ileile, na kwa ampea 25 kebo yenu inapoteza volti 27.5. Tiba ni kebo ya 10 au hata 16, kisha 32 irudi mahali pake, na kazi ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

RCD yetu inakata kila asubuhi ikinyesha. Tuitoe?

Msiitoe. Inawaambia kwamba umeme unavuja, mara nyingi kupitia plagi iliyolala kwenye dimbwi au kiungo kilichofungwa kwa tepu. Chomoa vyote, iwashe, rudisha kimoja kimoja mpaka ikate tena. Hicho ndicho kibovu. Inua viungo juu ya vigingi, tumia plagi zenye vifuniko vya kuzuia maji, na viungo vya tepu kata utupe. Mtu aliyesimama kwenye zege bichi kwa miguu iliyolowa hana kinga nyingine. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila asubuhi kabla ya kazi. Siku isipokata, badilisha.

Nitajuaje kebo iliyoandikwa 10 mm² ni 10 kweli, na ni shaba?

Nenda dukani na kalipa, kile kipimo cha kipenyo. Waya wa 10 wa kawaida una nyuzi 7, kila uzi kipenyo cha milimita 1.35. Wa 6 ni nyuzi 7 za 1.04, wa 4 ni nyuzi 7 za 0.85, wa 16 ni nyuzi 7 za 1.70. Uzi wa "10" ukisoma 1.2 umeuziwa 8. Zipo kebo ambazo nyuzi zake zimekandamizwa ziwe duara, na kwa hizo kalipa haitoshi; muuzaji akupimie ukinzani: waya mmoja wa mita 100 wa 10 mm² usizidi omu 0.183 kwenye nyuzi 20. Uzito nao unasema, kwani mita 100 za waya huo zina shaba ya karibu kilo 9 bila gamba, wakati alumini ingekuwa chini ya kilo 3. Mwisho chukua uzi mmoja, ukwaruze kwa kisu kwa nguvu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na roli irudi kwa mwenye duka kabla hujakata hata mita moja.